Miguu inawaka moto ilhali HbA1c ni nzuri: ni kemikali gani za damu zinafaa kupimwa?

Tabibu_Ihumwa

Habari za jioni wakuu, hasa mlio kwenye kliniki za sukari na maabara hapa Dodoma na Singida.

Mgonjwa ni mama wa miaka 58, ana kisukari cha aina ya pili mwaka wa 9 sasa. Tangu mwanzo anameza metformini gramu 1 asubuhi na gramu 1 jioni. HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3) mbili za mwisho ni 6.9% na 6.7%, yaani kwenye karatasi sukari imetulia. Lakini usiku nyayo zinawaka moto, shuka ikigusa vidole anashtuka, na ganzi imepanda kutoka vidoleni hadi juu kidogo ya vifundo. Wiki hizi ndala inamvuka akitembea na hana habari, mpaka mjukuu amwambie.

Majibu yaliyopo: trigliseridi (mafuta ya kwenye damu) 3.4 mmol/L akiwa hajala, kreatinini (kipimo cha figo) ya kawaida, Hb (hemoglobini) 11.1 g/dL, HIV hasi. Chakula chake ni ugali wa uwele au mtama, mlenda na maharage. Nyama anakula kukiwa na sherehe, maziwa hatumii kabisa, pombe hanywi.

Ndugu zake wameonyeshwa tangazo la kipimo cha damu kinachosafirishwa nje ya nchi, eti kinasoma mamia ya metabolaiti (kemikali ndogo zinazotokana na kazi za mwili) na kueleza kwa nini mishipa ya fahamu inakufa. Wameniuliza kama wauze mbuzi wakalipie. Nataka kuwajibu kwa hoja, si kwa kuwakatalia tu. Je, metabolaiti hizo zina ukweli? Kama zina ukweli, ipi inaweza kubadilisha matibabu ya huyu mama hapa hapa tulipo? Na mwisho, kama sukari imekaa sawa, kinachoendelea kula mishipa ni nini?

---

Dkt_Kisasa

Tabibu, mbuzi wabaki zizini. Metabolaiti zina ukweli mwingi tu, ila kipimo hicho hakitakupa jibu la kumtibu. Nianze na swali lako la mwisho, maana humo ndimo kuna majibu ya mengine.

Uzi wa fahamu unaohisi kidole gumba cha mguu ni sehemu ya seli moja. Kiini cha seli hiyo kimekaa pembeni ya uti wa mgongo, kiunoni, na mkia wake unateremka pajani, kwenye muundi, hadi unyayoni: karibu mita 1. Kila kinachohitajika kule kidoleni, mitokondria (vinu vya nishati vya seli) na protini, husafirishwa njia hiyo yote. Uchukuzi ukilegea, wa mwisho wa foleni ndiye anayekosa kwanza. Ndiyo maana ganzi ya sukari huanza vidole vya miguu yote miwili kwa pamoja na kupanda kama soksi, na mikono hufuata ganzi ikikaribia magoti.

Sasa sukari. Seli za mishipa ya fahamu hazisubiri insulini ili zipokee glukosi. Ikipanda kwenye damu, inapanda na ndani yake. Inayozidi hugeuzwa na kimeng'enya cha aldozi riduktezi kuwa sorbitoli, kisha kimeng'enya kingine huigeuza kuwa fruktozi. Hatua ya kwanza inatumia NADPH, molekuli ambayo seli ingeitumia kurudisha glutathioni, kinga yake dhidi ya kuungua kwa oksijeni. Wakati huohuo methiliglioksali, zao jingine la glukosi, hujishikiza kwenye protini na kuziharibu. Nadharia hii ni ya miaka mingi na ni sahihi, ila haitoshi. Dawa nyingi za kuzuia aldozi riduktezi zilijaribiwa zikashindwa. Epalrestati imebaki ikitumika Japani.

Na kuna ushahidi mkubwa zaidi kwamba haitoshi. Kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, utafiti wa DCCT wa mwaka 1993 ulionyesha kwamba kubana sukari vizuri kulipunguza ugonjwa wa mishipa ya fahamu kwa takriban 60%. Kwa aina ya pili, kila walipojaribu, faida ilikuwa ndogo. Kwa hiyo mama mwenye HbA1c ya 6.7% na miguu inayowaka si ajabu. Wapo wengi, na wengi wao wanaambiwa wanadanganya kuhusu chakula. Hilo linaniuma, kwa sababu mara nyingi wanasema kweli.

Kingine ni mafuta. Mwaka 2009 ulichapishwa uchambuzi wa vipande vya mshipa wa fahamu wa nyuma ya muundi, vilivyokatwa kwa wagonjwa walewale mwanzo na baada ya wiki 52. Waliopoteza nyuzi nyingi walikuwa na trigliseridi za juu tangu mwanzo, hata baada ya kuzingatia sukari yao, umri na miaka waliyougua. Maelezo yanayokubaliwa zaidi ni kwamba mafuta yanapofurika kuliko mitokondria zinavyoweza kuyachoma, uchomaji unaishia katikati. Mabaki yake huitwa asilikarnitini. Zile za mnyororo mrefu, zikivuja kutoka kwenye seli za Schwann zinazoufunika uzi, zinaudhuru uzi wenyewe. Hizi ni miongoni mwa metabolaiti ambazo kipimo cha tangazo kingezisoma.

Kundi la tatu ndilo linalonisisimua zaidi. Mwili hutengeneza mafuta ya utando wa neva kwa kuunganisha asidi ya mafuta na serini, mojawapo ya asidi za amino. Serini ikipungua, kimeng'enya kilekile huchukua alanini, asidi nyingine ya amino, badala yake, na kinachotoka ni sphingolipidi (mafuta hayo ya utando) isiyo na kipande kimoja muhimu. Seli haiwezi kuivunja kwa njia yake ya kawaida, inarundikana na kuua nyuzi. Kuna ugonjwa wa kurithi wa ganzi unaotokana na kosa hilohilo, na kwenye kisukari cha aina ya pili sphingolipidi hizo zimekutwa ziko juu. Mwaka 2023 utafiti wa panya ulionyesha kwamba kisukari kinashusha serini, na kwamba panya walionyimwa serini huku wakilishwa mafuta mengi walipata ganzi mapema zaidi. Waliopewa serini ya nyongeza ganzi yao ilichelewa.

Kwa nini basi nasema asilipie? Kwa sababu akirudishiwa karatasi inayosema asilikarnitini ziko juu, serini iko chini, hakuna dozi iliyothibitishwa ya kumpa, na hakuna kiwango cha kukatia kati ya mzima na mgonjwa kinachokubaliwa kila mahali. Mtu akila, akifunga, akiugua figo, akianza dawa mpya, namba zote zinahama. Tena usichanganye na ile habari ya asidi za amino leusini, isoleusini, valini, tirosini na fenilalanini. Hizo, kwenye utafiti maarufu wa 2011, zilitabiri nani *atapata kisukari* miaka hadi 12 mbele. Haikuwa habari ya ganzi.

Ila ipo metabolaiti moja, ya zamani kabisa, inayoweza kubadilisha matibabu ya mama huyu wiki hii: asidi ya methilimaloniki. Hupanda seli zinapokosa vitamini B12. Soma tena maelezo yako mwenyewe: metformini gramu 2 kwa siku, miaka 9, nyama ni ya sherehe tu, hanywi maziwa, Hb 11.1. Metformini huzuia B12 isifyonzwe mwisho wa utumbo mwembamba, na hatari inapanda dozi ikifika gramu 1.5 na kuendelea, na miaka ikipita 4. Mama ana vyote viwili, na mlo wake karibu hauna B12. Ukishamwandikia "ganzi ya sukari" bila kupima hiyo, unaweza kuwa umeacha nyuma sehemu pekee ya ganzi yake inayotibika.

Kipimo cha kwanza ni B12 yenyewe kwenye seramu. Chini ya 200 pg/mL (148 pmol/L), ana upungufu, mtibu. Kati ya 200 na 300, haijulikani, na hapo ndipo asidi ya methilimaloniki au homosisteini, kemikali nyingine inayopanda B12 ikipungua, inakusaidia. Pia mchunguze kwa mikono yako: B12 hupenda kuondoa kwanza hisia ya mtetemo na hisia ya kiungo kilipo. Mwambie asimame miguu pamoja afumbe macho. Akiyumba, au ukikuta goti linaruka kwa nguvu wakati kifundo kimenyamaza, au ganzi ya mikono imeanza sambamba na ya miguu, fikiria B12 kabla ya sukari.

Ongeza TSH, kipimo cha tezi ya shingoni (thairoidi). Tezi hiyo ikilegea huleta ganzi na hupandisha trigliseridi, kwa hiyo kipimo kimoja kinajibu maswali mawili. Na tafadhali angalia ngozi yake mchana kweupe: baka lisilohisi, mshipa ulionenepa nyuma ya kiwiko au pembeni ya goti. Ukoma haujaisha nchini na hauulizi kama mtu ana sukari.

---

Maabara_AreaC

Dkt amemaliza, nami niongeze upande wa sampuli, kwa sababu hapa Dodoma majibu mengi yanaharibika kabla damu haijafika kwenye mashine. Mchana wa Oktoba joto linapita nyuzi 30, na damu inakaa kwenye boksi la pikipiki.

Glukosi: seli za damu zinaendelea kuila ndani ya tyubu, kama 5% hadi 7% kila saa kwenye joto la chumba. Tyubu nyekundu yenye 8.0 mmol/L ikikaa saa 3 itasoma karibu 6.6. Tyubu ya kijivu yenye floridi ni bora, lakini wengi wanadhani inasimamisha ulaji palepale. Haisimamishi. Floridi inafunga hatua ya mbali ya mnyororo, hivyo saa ya kwanza hadi ya pili sukari inaendelea kushuka. Iweke kwenye barafu mara moja na izungushwe kwenye mashine ya kutenganisha damu ndani ya dakika 30 kama ipo.

Homosisteini ndiyo inayoumiza zaidi. Chembe nyekundu zinaitoa nje, na inapanda takriban 10% kila saa damu isipotenganishwa. Mtu mwenye 12 µmol/L, ambayo ni ya kawaida, akikaa saa 3 juani anafika 16 na anaitwa mgonjwa. Tyubu ya zambarau ya EDTA, barafu iliyopondwa, izungushwe ndani ya saa 1, plazma ihamishiwe kwenye tyubu nyingine safi. Kama kituo hakina mashine ya kuzungushia, usitoe damu ya homosisteini hapo. Mtume mgonjwa mwenyewe aende maabara.

Kumbuka pia homosisteini inapanda kwa upungufu wa folati na B6. Asidi ya methilimaloniki ni mahususi zaidi kwa B12. Zote mbili hupanda figo zikichoka, kwa hiyo kreatinini lazima iende pamoja nazo. Ya methilimaloniki inahitaji mashine ya kupima uzito wa molekuli, sampuli nyingi husafirishwa, na majibu yanachelewa. Uliza maabara unayoitumia kabla ya kumtoboa mtu.

B12 ni rahisi: seramu, tyubu nyekundu au ya manjano, isikae kwenye mwanga. Shida yake ni nyingine. Muulize mgonjwa kama amechomwa sindano yoyote ya "vitamini za mishipa" miezi ya karibuni. Akishachomwa, namba itakuwa juu sana na haikuelezi chochote. Pima kwanza, choma baadaye.

Na kipimo ambacho hakuna anayekiomba: slaidi. Kila kituo chenye hadubini na rangi ya damu kinaweza. Hesabu nutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu) 100. Zikizidi 5 zenye kiini cha vipande 5, au ukiona hata moja yenye vipande 6, andika "kiini chenye vipande vingi" na umpigie simu aliyeomba. MCV (ukubwa wa chembe nyekundu) juu ya 100 inasaidia, lakini mtu akiwa na upungufu wa madini ya chuma kwa wakati mmoja, MCV inarudi katikati na kukuficha. Vipande vya kiini mara nyingi vinabaki vinaonekana.

Kuhusu HbA1c ya huyu mama: Hb ni 11.1, kwa hiyo nisingeiamini peke yake. Upungufu wa chuma huipandisha. Damu inayovunjika haraka, kama kwa mwenye selimundu, huishusha, na inaweza kuonyesha 6.7% wakati sukari ya kweli iko juu. Hata anayebeba jeni moja la selimundu, baadhi ya mashine zinakosea. Linganisha na vipimo vya kidole, asubuhi kabla ya kula na saa 2 baada ya chakula, kwa wiki 2. Visipolingana, omba fruktosamini, inayoonyesha wiki 2 hadi 3 zilizopita na haitegemei hemoglobini.

---

Tabibu_Ihumwa

Nashukuru sana wakuu. Nimerudi na majibu. B12 ni 231 pg/mL. Slaidi: nutrofili 8 kati ya 100 zina vipande 5, moja ina 6. MCV 94. TSH ya kawaida. Vipimo vya kidole vinaendana na HbA1c. Uma wa mtetemo wa 128 Hz hausikii kwenye vidole gumba vyote viwili, na akifumba macho anayumba.

Ila nimegundua jambo. Kwa miezi 4 amekuwa akinunua duka la dawa vidonge vya "mishipa", anameza 3 kwa siku. Nimesoma lebo: B1 miligramu 100, B6 miligramu 200, B12 mikrogramu 200. Je, hivi havijatosha kumpa B12? Na niendelee navyo?

---

Mfamasia_Majengo

Tabibu, visimamishe leo.

Piga hesabu ya B6: 200 mara 3 ni miligramu 600 kwa siku. Kiwango cha juu kilichowekwa Marekani kwa mtu mzima ni miligramu 100. B6 ikizidi kwa miezi, yenyewe inaua nyuzi za hisia, na dalili zake ni zilezile: ganzi ya miguu, moto, kuyumba gizani. Mtu anameza dawa ya ganzi inayomwongezea ganzi, anaona hajapona, anaongeza vidonge. Dukani hakuna anayemwambia, kwa sababu ni "vitamini tu". Ninaomba kila anayesoma hapa aanze kuuliza wagonjwa wake swali hili moja: unameza nini kingine kisichoandikwa na daktari? Kisha aombe kuona pakiti.

B12 ya mikrogramu 200 si kidogo kwa mtu mwenye utumbo mzima, na huenda ndiyo iliyomvusha juu ya 200 pg/mL huku seli bado zina njaa. Slaidi yako inasema bado zina njaa. Kwa dalili za neva, usianze na vidonge. Haidroksokobalamini miligramu 1 kwenye msuli, siku moja ndiyo siku moja hapana, hadi nafuu ikome kuongezeka, halafu miligramu 1 kila baada ya miezi 2. Soma lebo ya kichupa: sindano nyingi za mchanganyiko wa B zina B6 ndani, na hutaki hiyo kwake. Akimaliza hatua ya kwanza na sindano zikawa shida kupatikana, sianokobalamini ya kumeza mikrogramu 1000 hadi 2000 kila siku inaweza kumshikilia.

Usimpe asidi ya foliki peke yake kwa sababu ya Hb. Damu itapanda, kila mtu atafurahi, na uti wa mgongo utaendelea kuharibika chini kwa chini. B12 kwanza.

Metformini haina haja ya kuachwa. Ni dawa nzuri na figo zake ni nzima. Wengine wanaoimeza kwa miaka, wapimwe B12 kila mwaka.

Maumivu ya usiku: amitriptilini, nusu ya kidonge cha miligramu 25, saa 2 kabla ya kulala, uongeze taratibu kila wiki. Muulize kwanza kuhusu presha ya macho na moyo unaokwenda kombo. Kwa wanaume uliza na tezi dume. Ikimshinda, gabapentini miligramu 300 usiku, dozi ikipunguzwa kama figo zimechoka. Diklofenaki haigusi maumivu ya namna hii, na figo ndizo zinazolipa.

Jambo la pembeni lakini wanalisahau: mwenye sukari akianza isoniazidi ya TB apewe piridoksini miligramu 25 kwa siku. Hapo B6 ni kinga. Ni vitamini ileile, dozi ndiyo inayotofautisha.

---

Mwanafunzi_UDOM

Samahani wakubwa, shikamooni. Nimevutiwa na habari ya serini. Inauzwa kama unga mtandaoni. Kwa kuwa haina sumu kubwa, kwa nini mama asijaribu huku akipata B12?

---

Dkt_Kisasa

Marahaba. Swali zuri, nikujibu kwa hesabu. Kwenye ule ugonjwa wa kurithi, jaribio lililochapishwa 2019 lilitumia miligramu 400 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mama wa kilo 70 angehitaji gramu 28, kila siku, kwa mwaka mzima. Zile za kopo zinazouzwa humpa gramu 1 au 2. Kwa dozi ya kopo hajajaribu chochote, amenunua tu. Kwa dozi kamili, kwa kisukari cha aina ya pili, hatuna jaribio la binadamu la kusimamia. Fuatilia eneo hili, linaweza kuzaa dawa, lakini usimwandikie mtu leo.

Kwa mafuta kuna la kufanya. Tabibu, ana zaidi ya miaka 40 na ana sukari, kwa hiyo statini (dawa ya kushusha kolesteroli) anastahili bila kusubiri. Trigliseridi 3.4 zishushwe kwanza kwa soda, juisi za boksi na chai ya sukari kuondoka, na kutembea dakika 30 siku 5 za wiki. Fenofibrati, dawa ya kushusha trigliseridi, ni hatua ya baadaye. Kwenye utafiti wa FIELD waliotumia walikatwa viungo vya miguu mara chache zaidi, kama theluthi moja pungufu, lakini ichunge kreatinini.

Kwenye seli na panya, mafuta ya palmitiki, ambayo yamejaa kwenye mawese, yanazuia mitokondria kusafiri ndani ya uzi, na mafuta ya oleiki, yaliyomo kwenye karanga, yanaufungua mwendo huo. Sitamwambia mgonjwa kwamba karanga zinatibu ganzi. Nitamwambia abadili mawese kwa alizeti yetu ya Singida, kijiko kimoja badala ya kumimina, na karanga kiganja kimoja kwa siku, zilizochambuliwa, zisizo na ukungu, kwa sababu sumukuvu ni hatari nyingine. Kwa B12 ya chakula: maini mara moja kwa wiki, yai, dagaa, mtindi kama ataupenda.

Onyo kwa wenye sukari ya juu sana, ingawa si mama huyu: usiishushe HbA1c kwa kishindo. Ikianguka kwa zaidi ya alama 2 ndani ya miezi 3, mgonjwa anaweza kupata maumivu makali mapya ya miguu kwa sababu ya huo mporomoko. Mweleze mapema, asije akadhani insulini ndiyo iliyomchoma akaiacha.

---

Nesi_wa_Miguu

Nimesoma yote na mmesema vizuri, ila mama huyu ndala inamvuka bila kujua. Kemikali zote tuziache kidogo tumtazame mguu, maana mguu huo unaweza kupotea mwezi huu, kabla B12 haijafanya kazi.

Kama huna monofilamenti ya gramu 10 (uzi wa plastiki wa kupimia hisia), tumia ncha ya kidole chako. Mgonjwa afumbe macho. Gusa kidogo sana, sekunde 1 hadi 2, bila kubonyeza wala kupapasa: kidole gumba cha mguu wa kulia, kidole cha mwisho cha kulia, gumba la kushoto, cha mwisho cha kushoto, cha kati kulia, cha kati kushoto. Asipohisi 2 au zaidi kati ya 6, miguu yake iko hatarini. Usirudie kugusa palepale ukimhimiza aseme ndiyo.

Ndala aziache kabisa. Kamba inakaa kati ya gumba na kidole cha pili, anaibana asiyoihisi, inamla ngozi. Katambuga za tairi zina soli nzuri kwa miiba ya huku kwetu, lakini mikanda yake ni migumu na misumari huchomoza kwa ndani. Bora viatu vya kufunga vyenye nafasi mbele, vinunuliwe jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, na kila asubuhi aingize mkono ndani kabla ya mguu. Utashangaa kinachotoka humo: kokoto, mwiba wa mgunga, kizibo cha soda.

Juni na Julai baridi ya Dodoma ikiuma, watu hukaa wanaota moto miguu ikiwa karibu na jiko la mkaa. Mtu mwenye ganzi anasikia harufu ya ngozi kabla ya maumivu. Soksi za pamba, basi. Maji ya kuoga ayapime kwa kiwiko, au mjukuu ayapime. Asiloweke miguu kwenye maji ya chumvi, yanakausha ngozi ikapasuka. Mafuta ya kujipaka yaende kisiginoni na juu ya mguu, si katikati ya vidole, kule pakae pakavu. Kucha zikatwe moja kwa moja, na wembe usiguse sugu.

Kila jioni atazame nyayo kwa kioo kidogo kilichowekwa sakafuni, taa ikiwa karibu. Macho yake kama hayaoni vizuri, mjukuu yule aliyeona ndala ikivuka ndiye akabidhiwe kazi hii. Wekundu usioondoka kwa dakika 20 baada ya kuvua kiatu, lengelenge, unyevu kwenye soksi: aje siku hiyohiyo, hata kama hakuna kinachouma.

Na ukikuta mguu mmoja umevimba, una joto kuliko mwenzake, hauna kidonda na hauumi sana, usimpe antibiotiki na kumruhusu atembee. Huenda mifupa ya kati ya mguu inavunjika taratibu. Asiukanyage, apelekwe hospitali ya rufaa akiwa amebebwa.

---

Tabibu_Ihumwa

Nimepata. Vidonge vimesimama, sindano ya kwanza amechomwa leo asubuhi, nimesoma lebo, haina B6. Nimempima kwa kidole: 4 kati ya 6 hakuhisi. Kati ya kidole cha nne na cha tano mguu wa kushoto kulikuwa na mpasuko wenye majimaji ambao hakuujua. Nimeusafisha, nimeukausha, anarudi kesho kutwa pamoja na sindano ya pili. Ndugu zake nimewaambia hela ya kipimo wanunulie viatu na kipima sukari, na wamekubali.

Swali moja kwa Maabara_AreaC: nirudie lini slaidi na B12?

---

Maabara_AreaC

B12 usirudie, itakuwa juu kwa sababu ya sindano na haitakuambia kitu. Rudia picha kamili ya damu baada ya wiki 8: Hb inapaswa kuwa imepanda. Nutrofili zenye vipande vingi hutoweka ndani ya wiki 2 hivi, kwa hiyo slaidi ya siku ya 14 inatosha kujua kwamba dawa imeingia. Hb ikikwama huku slaidi ikiwa safi, omba feritini (kipimo cha akiba ya chuma), huenda chuma kimepungua. Leta tyubu ya zambarau kabla ya saa 4 asubuhi, jua halijachachamaa.